Fizi Sugu Bila Kisu: Dai Namba Zako

Mtu akiniambia ameshasafisha meno mara chungu nzima na fizi bado zinatoka damu, swali langu la kwanza huwa moja: ulipimwa, ukaambiwa ngapi? Wengi hawana jibu. Walilala kwenye kiti, mashine ikalia, maji yakaruka, wakasukutua, wakalipa, wakaondoka na meno meupe. Baada ya muda wanatema mate mekundu kwenye sinki vilevile, na wanaamua kwamba ugonjwa wao hautibiki, au ni wa ukoo.

Mimi ni tabibu wa meno hapa Tanga, na wagonjwa wangu wengi ni wa fizi. Nasema mapema ninachoamini: ugonjwa sugu wa fizi, kwa watu wengi, unatulizwa bila upasuaji, ila si kwa mtu asiyejua milimita zake, yaani kina cha nafasi kati ya fizi na jino. Kusafishwa meno ni jambo moja, kutibiwa fizi ni jingine. Hapa nitaeleza tiba inavyokwenda, nini udai ukiwa kwenye kiti, na nini ufanye mwenyewe nyumbani.

Kinachoendelea chini ya fizi

Juu ya jino hujijenga ukoga, ule utando laini wa bakteria unaousikia kwa ulimi asubuhi. Usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ndani ya siku chache ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata ukisugua mpaka mkono uchoke. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, walichapisha jaribio lao: watu 12 wenye fizi safi waliacha kupiga mswaki. Kati ya siku ya 10 na ya 21 fizi zikawa zimewavimba wote. Waliporudia mswaki, zikapona baada ya wiki moja hivi. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya ugonjwa, na inarudi nyuma yote.

Usugu ni hatua inayofuata. Fizi inaachana na jino, unatokea mfuko. Ukoga unashuka humo, ugaga mweusi unang'ang'ania mzizi, na mwili katika kupigana na bakteria unakula mfupa wake wenyewe, ule unaoshika jino. Kwa kawaida hauumi. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi nao miaka, akashtuka siku jino linapocheza akitafuna mahindi ya kuchoma. Mfupa ulioliwa kwa sehemu kubwa haurudi. Tunachotafuta ni kuuzuia usiendelee kuliwa, na mfuko ufupike mpaka mswaki na mate viweze kuutunza.

Namba

Kipimo chenyewe ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kinateremshwa taratibu kati ya fizi na jino, sehemu sita kuzunguka kila jino. Mwenye meno 28 anapata namba 168. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni salama. Kuanzia 4 yenye damu, kuna kazi. Ikifika 6 na kuendelea, kazi ni kubwa na matokeo hayana uhakika uleule.

Pamoja na kina, daktari anaandika panapotoka damu, jino gani linacheza, na kama magego yameachia pale mizizi yake inapogawanyika. Eksirei inaonyesha mfupa umebaki kiasi gani. Ukimaliza, omba ile chati. Usione haya. Ipige picha kwa simu yako. Ukihamia Dodoma au ukibadilisha daktari, hiyo picha ina thamani kuliko maelezo yako ya mdomo, kwa sababu bila namba za mwanzo hakuna atakayejua kama umepona au umetulia tu.

Kama umeambiwa una ugonjwa wa fizi na hakuna aliyekupima hivyo, rudi ukapimwe kabla ya kulipia kitu kingine chochote.

Nyumbani kwanza, kiti baadaye

Mpango wa tiba unaokubalika sasa huko Ulaya, na ndio ninaoufuata, unaanza na mikono ya mgonjwa, vyuma vya daktari vinafuata. Watu hulalamika: "Dokta, nimekuja kutibiwa, wewe unanifundisha mswaki?" Ndiyo, mama. Nikikwangua leo chini ya fizi na wewe ukaacha ukoga juu, bakteria watarudi kwenye mfuko ndani ya wiki chache, na fedha yako imekwenda na maji.

Mswaki uwe laini. Uulaze nyuzi 45 kuelekea kwenye fizi, nusu ya manyoya yake yakiwa juu ya jino na nusu yakigusa ukingo wa fizi, kisha utikise hapohapo kwa mwendo mfupi, meno mawili matatu kwa wakati mmoja, ndipo usogee. Usikwangue kwenda na kurudi kwa nguvu kama anayesugua sufuria. Anza nyuma ya meno ya chini ya mbele, upande wa ulimi. Mate yanamwagikia hapo, ndipo ugaga unapokomaa haraka kuliko kote, na ndipo watu wengi hawafiki kabisa. Halafu nenda nje ya magego ya juu, karibu na shavu. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, na ya usiku usiiruke. Dawa ya meno iwe na floridi ya 1,000 hadi 1,500 ppm, imeandikwa kwenye boksi. Ukimaliza, tema, usisukutue kwa maji mengi.

Wanaotumia mswaki wa mti siwakatazi. Huku pwani umeswakiwa na mababu, na ule mti wenyewe, *Salvadora persica*, ni mzuri ukitumiwa sawasawa: tafuna ncha ichanue, pitisha kutoka kwenye fizi kwenda kwenye jino, na kata ncha ya zamani kila siku. Udhaifu wake ni ule ule wa mswaki wa dukani. Hauingii katikati ya meno.

Na katikati ya meno ndiko kwenyewe. Mifuko mirefu huwa huko, mahali ambapo mswaki haupiti hata ukipigwa mara tano kwa siku. Ukiwa na fizi sugu huhitaji kitu cha kushangaza, unahitaji brashi ndogo za katikati ya meno, zile zenye waya mwembamba na manyoya mafupi. Kwa aliyekwisha kupoteza mfupa zinafanya kazi kuliko uzi wa kusafishia meno, kwa sababu zinajaza shimo na kusugua mbonyeo wa mzizi ambao uzi unauruka. Saizi ni muhimu: iingie ikibana kidogo, lakini waya usikwaruze jino. Mtu mmoja huweza kuhitaji saizi mbili au tatu, nyembamba mbele na nene kwenye magego. Mwambie daktari akupimie mdomoni, usinunue kwa kukisia. Ingiza, vuta mara chache, suuza brashi, nenda pengo jingine. Inatosha mara moja kwa siku, usiku. Panapobana sana, tumia uzi.

Siku za kwanza damu itaongezeka. Hapa ndipo wengi huacha, wakidhani wanajijeruhi. Damu inatoka kwa sababu fizi ni mgonjwa, na inapungua kadiri ukoga unavyoondoka. Ukiendelea, baada ya wiki moja au mbili utaona tofauti kwenye yale mapengo yasiyo na mfuko mrefu. Yanayoendelea kutoa damu yanakuonyesha ugaga uko wapi chini. Nieleze hayo ukija.

Vijiti vya kuchokolea meno baada ya nyama choma vinatoa nyama. Ukoga vinauacha.

Mambo yanayolisha ugonjwa

Sigara ni ya kwanza. Mvutaji ugonjwa humdanganya: fizi zake hazitoki damu sana, maana moshi unabana mishipa, hivyo anadhani yu mzima huku mfupa unaisha. Akiacha, damu inaweza kuongezeka kwa muda. Hiyo ni dalili ya mishipa kurudi kazini, asikimbilie kuwasha nyingine. Tiba yenyewe kwa mvutaji inaleta nusu ya furaha, namba zinashuka kidogo kuliko za mwenzake.

Tambuu naisema kando kwa sababu hapa mwambao na visiwani bado ipo: popoo na chokaa vinakwaruza, vinatia madoa, na popoo peke yake, hata bila tumbaku, inasababisha saratani ya kinywa. Fizi ni sababu ndogo ya kuiacha.

Kisukari kinakwenda njia mbili. Sukari isiyodhibitiwa inachochea fizi, na fizi zilizovimba zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Tiba ya fizi imeonekana kushusha kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kwa kiasi kidogo lakini cha maana, chini kidogo ya nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo nikikuta mifuko mingi kwa mtu wa makamo asiyejijua, namtuma apime sukari kabla ya sindano ya ganzi. Nimewagundua baadhi namna hiyo, wakiwa wamekuja kwa ajili ya harufu ya kinywa tu.

Wenye presha, leteni majina ya dawa zenu. Nifedipine na amlodipine, na kwa wenye kifafa phenytoin, huweza kuzifanya fizi zikue na kufunika meno. Usiache dawa mwenyewe. Daktari wako wa presha anaweza kukubadilishia.

Wajawazito fizi zao huvimba kwa ukoga kidogo tu. Kusafishwa na kutibiwa fizi ni salama, na miezi ya katikati ndiyo raha zaidi kwa mama. Mwenye vali bandia ya moyo, au aliyewahi kuugua maambukizi ya vali, aseme kabla ya kuguswa, maana anahitaji antibayotiki ya kinga. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aseme.

Kwenye kiti

Sasa ndiyo kukwangua chini ya fizi. Kuna mashine ya mtetemo inayomwaga maji, na kuna vyuma vya mkono vilivyopindwa kwa kila upande wa jino. Utafiti hauonyeshi kwamba kimoja kinamshinda mwenzake kwa matokeo, na mimi nachanganya: mashine inavunja ugaga mzito, chuma kinanihakikishia mzizi umekuwa laini. Kwenye mifuko mirefu dai sindano ya ganzi. Daktari asiyekupa ganzi kwenye milimita 6 au 7 hafiki chini, kwa sababu wewe utaruka kabla hajafika.

Usishangae kufanyiwa robo ya mdomo kwa siku moja, au upande mmoja leo na mwingine wiki ijayo. Wapo wanaofanya mdomo mzima ndani ya siku moja. Matokeo hayatofautiani sana, kwa hiyo chagueni kwa kuangalia nauli, muda na uvumilivu wako. Kitu cha kutilia shaka ni mdomo wenye mifuko kila mahali kumalizwa kwa dakika ishirini.

Ile hofu kwamba kusafisha kunalegeza meno naisikia kila wiki. Aliniambia mzee mmoja, dereva wa lori, "Binti yangu, wewe ling'oe tu, ukilikwangua utayalegeza na mengine." Nikamwambia, "Mzee wangu, tulipime kwanza." Lilikuwa na 7 upande mmoja na 4 pande nyingine, si jino la kung'oa. Jambo lenyewe liko hivi: ugaga mwingi unashikanisha meno ambayo mfupa wake umekwisha kuliwa. Ukiondoka, unasikia ulegevu ambao tayari ulikuwepo, na uvimbe ukipungua wiki zinazofuata mengi hukaza tena kiasi.

Mambo mengine ya kweli, na afadhali uyasikie kabla: fizi ikipona inanywea. Meno yataonekana marefu, mapengo madogo meusi yatatokea katikati, na maji baridi yatachoma kwa wiki kadhaa. Maumivu ya siku moja mbili hutulizwa na paracetamol. Mchomo wa baridi hupungua kwa dawa ya meno iliyotengenezwa kwa meno yanayochomwa na baridi. Ukitaka fizi nene za zamani, ulikuwa unataka uvimbe.

Dawa, hasa zile ulizojinunulia

Amoksilini na Flagyl za duka la dawa, kila fizi zinapouma, ni kupoteza fedha na kuwafanya bakteria wawe sugu kwa dawa. Bakteria wa kwenye mfuko wamejifunika utando, na dawa haipenyi vizuri mpaka utando uvunjwe kwa chuma. Tunazitumia mahali pachache: jipu lenye homa au uvimbe unaosambaa, fizi zinazooza kwa kasi kwa maumivu makali na harufu nzito, na wagonjwa wachache, mara nyingi vijana ambao mfupa wao unaisha haraka, na hao wanapewa pamoja na kukwanguliwa, si badala yake. Ukipewa Flagyl, pombe usiguse.

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ni msaada wa muda, wiki mbili hivi baada ya kukwanguliwa ikiwa kupiga mswaki kunauma. Ukiizidisha meno yanakuwa ya kahawia na chakula kinapoteza ladha. Iache nusu saa itenganike na dawa ya meno, zinapingana. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanatuliza, tumia tu. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi kidogo na kuchoma fizi ukiyamwaga mengi. Mkaa uliosagwa unakwangua jino na kuacha ugaga palepale.

Kupimwa tena

Kipande hiki ndicho kinachorukwa zaidi, na bila hicho yote ya juu ni makisio. Baada ya kukwanguliwa, tunasubiri miezi mitatu hivi, kisha namba zote 168 zinachukuliwa upya. Kabla ya hapo fizi bado zinashikana na mzizi, hakuna haja ya kuzichokonoa.

Tegemea nini? Kwa wastani mfuko hupungua milimita moja na nusu hadi mbili, na ule mrefu sana hupungua zaidi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha karibu robo tatu ya mifuko hufunga, yaani hufika 4 au chini bila damu. Kwa hiyo 5 yako ina nafasi nzuri. 9 yako haitakuwa 3, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu.

Mifuko iliyogoma tunaitazama mmoja mmoja. Swali langu ni kwa nini huu, na si jirani yake? Mara nyingi jibu linaonekana: jino limezibwa na kingo ya ziba imetokeza ikishika ukoga, kofia ya jino haikukaa sawa, gego lina mizizi iliyoachana na brashi haipitishwi, au jino limekufa kiini chake na usaha unatokea pembeni ya fizi, hapo tiba ni ya mzizi kwa ndani. Mfuko mmoja mrefu na mwembamba, peke yake katika mdomo safi, unanitia wasiwasi wa jino lililopasuka.

Iliyobaki 4 au 5 yenye damu inakwanguliwa tena, bila kisu. Iliyobaki 6 na zaidi ndipo mazungumzo ya upasuaji mdogo wa kufungua fizi yanapoanza, na yanaanza tu kama ukoga wako wa juu umekuwa mdogo na sigara imeachwa. Ukikataa upasuaji, au huwezi gharama, au afya hairuhusu, kukwangua kila baada ya miezi mitatu kunaweza kulibakiza jino miaka mingi. Sikushawishi uone aibu kuchagua hivyo.

Baada ya hapo unakuwa mtu wa miadi. Miezi mitatu mitatu mwanzoni, ikitulia inasogezwa hadi sita, wachache wanafika mwaka. Kila miadi ianze na kipimo, ndipo mashine. Linganisha na picha iliyo kwenye simu yako. Namba iliyopanda kwa milimita 2 mahali palepale haingojei miadi ijayo.

Kuna hali ambazo hazingojei hata kesho: uvimbe ulioshuka chini ya taya au shingoni, homa, kushindwa kufungua kinywa au kumeza, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilofutika, au jino moja lililolegea ghafla bila ugaga wa maana, mwonyeshe daktari wiki hiyo, na umwambie wazi kama unatumia ugoro, sigara au tambuu.